Daftari Kuu Limeshiba

Kutoka: Mtunza Kumbukumbu, chumba cha kwanza kushoto ukiingia
Kwenda: Mkurugenzi, Karakana ya Viungo Bandia
Nakala: Hakuna. Sababu nimeieleza kwenye kipengele cha tatu.

KUH: KUONEWA NA GIGABAITI MBILI

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima ofisini kwako, hatua kumi na nne kutoka kwenye dawati langu. Ningeweza kuzitembea. Nimechagua kuandika kwa sababu hasira yangu ikipitia mdomoni hutoka kwa kigugumizi, na kwa sababu nikiingia kwako utaniambia, "Kaa, mjomba," na nikishakaa nitasahau kilichonileta. Kwa hiyo ndani ya barua hii mimi si mjomba wako. Mimi ni mtumishi wa miaka ishirini na sita. Wewe nawe si yule mtoto wa dada yangu niliyemfundisha kufunga kamba za viatu. Wewe ni mamlaka, nami nimevaa shati la mikono mirefu ili niandike kwa heshima inayostahili.

Nimepokea barua yako ya juzi, yenye aya mbili. Aya ya kwanza inasema kwamba hifadhidata ya karakana, ambayo sisi sote tunaiita Daftari Kuu, haijafunguka kwa wiki tatu, na kwamba fundi wa kompyuta apewe nafasi ya kuisafisha bila kusumbuliwa. Neno "kusumbuliwa" nimelielewa. Aya ya pili inasema kuanzia Jumatatu nihamie ghalani, nikatunze magunia ya plasta na magongo. Nimeisoma barua hiyo mara nne. Nilikuwa natafuta aya ya tatu, ile ambayo kwa kawaida huwa ya shukrani, nikageuza karatasi nikaangalia na mgongoni. Kulikuwa kweupe.

Basi nalalamika, kwa mpangilio na kwa unyenyekevu, kama ifuatavyo:

1. Kwamba Daftari Kuu lilishiba bila kunitaarifu.

Kabati la chuma likijaa, mtu anaona. Droo inagoma kufunga, unaisukuma kwa goti, ikigoma tena unaandika ombi la kabati jipya. Nilifanya kazi na makabati kwa miaka ishirini na nne na hakuna hata moja lililowahi kunificha hali yake. Mashine hii haikunenepa hata kidogo. Ilikaa mezani na umbo lile lile, taa yake ya kijani ikiwaka kwa uchangamfu, kumbe ndani faili limeshafika gigabaiti mbili, ambazo sasa naelezwa kuwa ndicho kikomo cha mzigo ambao programu yetu inaruhusu faili moja kubeba. Si mbili na kidogo. Ni mbili. Ukitaka kuongeza jina la mtoto mmoja tu, mlango umefungwa.

Niliuliza ni nani aliyeamua mbili. Fundi wa kompyuta, ambaye mimi ndiye niliyempa jina la Dada Kebo kwa vile hakosi waya shingoni, alinijibu kwamba waliotengeneza programu ndio waliopanga hivyo, zamani, wakati mbili zilipokuwa nyingi. Nikamuuliza kama kulikuwa na maonyo. Akasema yalikuwepo. Akanionyesha kitabu cha maelekezo, ukurasa wa sita, kitabu ambacho kwa miaka miwili nimekitumia kuinulia skrini ili shingo isiniume. Nasisitiza kwamba shingo hainiumi.

2. Kwamba juhudi zangu za kulitibu Daftari hazikutajwa popote katika barua yako.

Daftari lilianza kwa kuwa zito. Ukibonyeza jina la mgonjwa ulikuwa na muda wa kwenda kunawa mikono, kurudi na kukaa, ndipo lifunguke. Baadaye likaanza kujifunga lenyewe katikati ya sentensi. Je, nilishika tama? Hapana. Niliipangusa mashine kwa kitambaa chenye unyevu. Nilichukua feni iliyokuwa ikinipepea mimi, nikaielekeza kwake, nikatoka jasho siku nane kwa ajili ya kifaa cha kazi. Nilishuku umeme, nikabadilisha soketi.

Kisha nikaishuku mashine ya msasa ya fundi mkuu wa miguu, ambayo ikiwaka hadi kikombe changu cha chai hutetemeka. Nikamwagiza aizime kila ninapohifadhi kazi. Mzee wa watu alikuwa anasimama na mguu mkononi, vumbi kwenye nyusi, akinisubiri nipige kelele, "Tayari!" Alifanya hivyo karibu mara arubaini kwa siku bila kununa, mpaka siku moja aliponiuliza kwa upole kama nina uhakika. Nilimwambia ninao. Sikuwa nao.

Kwa kuwa Daftari lilionekana kuelemewa, nikaanza pia kubana herufi. Badala ya "mguu wa kushoto" nikaandika "k". Badala ya "mguu wa kulia" nikaandika "k". Nilitembea kifua mbele kwa siku tatu, hadi dereva mmoja wa lori aliyepoteza mguu wa kulia alipoletewa wa kushoto. Ulikuwa mguu mzuri sana, hilo kila mtu alikiri, hata yeye. Nikarudisha maneno yote kwa ukamilifu wake, na nafuu yote niliyoipata ikapotea kwa alasiri moja.

Mwishowe, Jumanne asubuhi, Daftari likaandika kwamba haliwezi kuongeza chochote, likazima. Tangu hapo ukilifungua linatoa ujumbe ule ule na kuzima tena. Nililifungua mara nyingi nikitumaini limebadilisha mawazo. Dada Kebo nilimwita baada ya wiki mbili, kwa sababu kumwita mapema kungekuwa sawa na kusema sijui.

3. Kwamba Dada Kebo alizihesabu nakala zangu kwa sauti.

Historia unaijua. Enzi za makaratasi bomba lilipasuka darini na tukapoteza majalada mia mbili na kumi kwa usiku mmoja. Nilipofungua kabati asubuhi, maji yalimwagika hadi viatuni, na nililia mbele ya watu. Siku ile niliapa kwamba halitatokea tena mikononi mwangu. Ndiyo maana tangu tuingie kwenye kompyuta, kila Ijumaa saa tisa alasiri, isipokuwa nilizoumwa na nilizosahau, nimekuwa nikitengeneza nakala ya jedwali lote la vipimo. Ya kwanza niliiita Nakala ya Ijumaa. Ikafuata Nakala ya Ijumaa Mpya. Baadaye zikaja Nakala ya Mwisho, Nakala ya Mwisho Kabisa, na Nakala ya Mwisho Kabisa Usiguse.

Zote niliziweka ndani ya Daftari Kuu hilo hilo.

Dada Kebo alipoziona akaanza kuhesabu. Alipofika sitini na moja akavua miwani, akasugua macho. Akaniuliza, "Mzee wangu, ulikuwa unalilinda Daftari lisipotee. Ukaziweka wapi hizi nakala?" Nikamjibu kwamba niliziweka mahali salama kuliko pote, yaani ndani ya Daftari. Nililisikia jibu langu likiwa limeshatoka, na natamani hadi leo ningelikamata mlangoni.

Lalamiko langu hapa si kwamba alikosea. Lalamiko ni kwamba angeweza kuhesabu kimoyomoyo. Fundi mkuu alikuwa mlangoni, fundi wa mikanda alikuwa nyuma yake, na ilipofika saa ya chai mama anayetuuzia chai alinipokea kwa, "Shikamoo, Nakala ya Mwisho Kabisa." Nilinunua chai, nikaiacha pale pale.

4. Kwamba video zangu zimetajwa kama uchafu.

Hili ndilo kiini cha barua, nami nitaliandika kana kwamba wewe ni mgeni hapa, ili jalada likisomwa na mgeni aelewe.

Mtu akisimama kwa mara ya kwanza na mguu mpya kati ya vile vyuma viwili vya kushikilia, fundi mkuu huzima mashine ya msasa. Hakuna anayemwambia azime. Fundi wa mikanda huweka sindano chini. Sote hutoka tukajazana mlangoni, na hakuna anayepiga makofi mpaka mtu huyo afike mwisho wa vyuma, ageuke, na aachie mkono mmoja. Utaratibu huu haukuandikwa popote, na katika miaka yangu yote haujawahi kuvunjwa, hata siku ile wakaguzi walipokuwa wamekaa wanatusubiri.

Miaka miwili iliyopita mpiga pasi mmoja aliniomba nimrekodi kwa simu yangu ili akamwonyeshe mkewe. Nikamrekodi. Alipoondoka nikawaza hivi: kanuni yetu tangu enzi za makaratasi inasema kila kinachomhusu mgonjwa kikae kwenye jalada lake, wala kisizagaezagae. Video inamhusu mgonjwa. Kwa hiyo nikaiingiza kwenye kumbukumbu yake ndani ya Daftari Kuu, pale pale kando ya vipimo. Baada ya hapo nikamrekodi kila mtu. Zimefika mia moja na thelathini.

Sasa Dada Kebo anasema kwamba vipimo vyote vya wagonjwa wetu elfu moja mia nne na kumi na wawili, ukivikusanya pamoja, havifikii uzito wa video moja ya yule mpiga pasi. Nami nilikuwepo. Mtu alitembea mita sita tu, tena polepole. Alianza kuniambia, "Mzee wangu, hizi video..." Sikungoja amalize. Mwisho wa sentensi hiyo niliujua. Nilibeba kikombe changu, nikatoka na heshima yangu, na siku mbili baadaye ikaja barua yako yenye neno "kusafisha".

Nitakiri jambo ambalo huenda umeshalisikia kwa mama wa chai. Huwa naziangalia. Baada ya chakula cha mchana, mlango ukiwa umerudishiwa, huwa nafungua moja au mbili, wakati mwingine tano. Ukiniuliza kikazi nitakujibu kwamba ni ukaguzi wa kumbukumbu. Ukiniuliza kama mpwa wangu nitakwambia kwamba sijawahi kutengeneza mguu hata mmoja. Fundi mkuu anakoroga plasta, anachonga, anapasha plastiki moto, na jioni anakiona alichokifanya. Mimi miaka ishirini na sita nimeandika namba. Mzingo wa paja, urefu wa kigutu, tarehe. Katika video hizo naziona namba zangu zimesimama, zinatembea. Nazipenda, na siombi radhi kwa hilo.

5. Kwamba orodha ya wito imekatika.

Kipengele hiki hakinipendelei. Nilifikiria kukiruka, nikaona orodha yenye pengo kati ya nne na sita ingeleta maswali.

Mfupa wa mtoto unakua na mguu wa plastiki haukui. Kwa hiyo kila mtoto anatakiwa kupimwa upya baada ya miezi sita. Kila asubuhi Daftari Kuu lilikuwa linachapa orodha ya waliofikia tarehe, nami napiga simu kwa wazazi, mmoja mmoja. Sasa ni wiki tatu hakuna orodha wala simu. Nilijipa moyo kwamba wenye shida watakuja wenyewe. Wengi wao wanakaa mbali, wanasubiri simu kwa kuwa tuliwaambia wasubiri simu. Hawakuja.

Alikuja mmoja, yule binti wa miaka kumi na moja ambaye karakana nzima inamwita Chiriku kwa sababu hanyamazi. Alikuja kwa ajili ya mkanda uliolegea. Alipopanda zile ngazi mbili za mlangoni nikaona nyonga yake imelala upande. Chini ya mguu wake bandia alikuwa amegundisha vipande viwili vya kandambili, kimoja cha bluu na kimoja cha kijani, ili miguu ilingane. Alifanya mwenyewe. Alinieleza alivyovikata kwa kisu cha jikoni, na gundi ilivyomganda vidoleni, na kwamba ile ya kijani ni ya kaka yake na kaka yake bado anaitafuta uvunguni mwa kitanda. Nilicheka sana. Alipokuwa anashuka ngazi kwenda nyumbani, ameshika ukuta, sikucheka tena.

Utaniuliza kwa nini hakupimwa siku hiyo hiyo. Kwa sababu ya kanuni: plasta ya kuchukulia umbo la kigutu haikorogwi bila karatasi ya vipimo vya nyuma kutoka kwenye Daftari. Kanuni ina sababu yake, maana bila vipimo vya nyuma hatujui kigutu kimebadilika kiasi gani, na mguu unaweza kumtia vidonda. Imebandikwa ukutani juu ya ndoo ya maji. Aliyeitunga ni mimi, na saini iliyo chini ni yangu, ndefu kuliko kanuni yenyewe. Fundi mkuu alishatoka na futi yake ya kupimia. Nikamwonyesha ukutani kwa kidole. Alinitazama, akaiviringisha futi, akarudi kwenye msasa wake.

Chiriku aliporudi Alhamisi, vipande vya kandambili vilikuwa vitatu. Nilimwambia mashine bado mbovu, aje tena. Naona aibu kuliandika hili, na sijui nimeliandika kumlalamikia nani.

6. Kwamba nahamishiwa ghalani.

Plasta inanipigisha chafya. Magongo hayana tarehe ya kuzaliwa. Sina la kuongeza.

MAOMBI

Kwa kuwa imethibitika kwamba kosa ni la gigabaiti na si langu, naomba yafuatayo, moja baada ya jingine, ukiona la kwanza halifai basi ushuke kwa linalofuata:

(a) Uwaandikie watengenezaji wa programu waongeze kikomo kutoka mbili hadi tatu. Waelezwe kwa lugha ya staha kwamba watu wanazidi kuja.

(b) Wakikataa, video zibaki, vipimo ndivyo viondolewe, kwa kuwa vipimo vingi ninavyo kichwani. Jana nilijijaribu kwa kalamu na karatasi. Nilikumbuka vya watu tisa, na kwa mujibu wa fundi mkuu, vya wawili kati yao vilikuwa sahihi.

(c) Hilo nalo likikwama, karakana ipokee watu wafupi peke yao. Mtu asiyefika mita moja anaandikwa kwa tarakimu mbili za sentimita, mrefu anachukua tatu. Nimepiga hesabu, tutaokoa theluthi.

(d) Wagonjwa wapya waombwe kutembea hatua tatu tu mbele ya kamera, na wasigeuke. Kugeuka kunakula nafasi.

(e) Na endapo yote haya yatashindikana, litolewe tangazo kwamba watoto wote walioandikishwa kwetu wasimamishe kukua mpaka watengenezaji watakapojibu. Nipo tayari kuliandika tangazo hilo mimi mwenyewe, kwa herufi kubwa, na kulibandika mlangoni. Natambua kwamba litakuwa gumu kidogo kwa walio kati ya miaka tisa na kumi na nne, ila nidhamu huanza na jambo dogo.

Pendekezo (e) nimelisoma mara mbili. Mara ya pili limenitia haya, lakini wino ulikuwa umeshakauka.

Nahitimisha kwa kukuomba uzingatie kwamba hakuna mtu mwingine katika jengo hili anayewajua wagonjwa kama mimi ninavyowajua. Ukinipeleka ghalani, Daftari litapata mtu anayejua kompyuta, lakini halitapata mtu anayejua ni nani anaogopa kupimwa, nani hupenda aitwe kwa jina la baba yake, na nani usimpigie simu asubuhi kwa kuwa yuko kibandani. Hayo hayamo kwenye jedwali lolote. Hilo nimelisema kwa dhati, bila mzaha.

Nisalimie mama yako. Mwambie kaka yake hajambo isipokuwa kazini. Wasalimie watoto wako, na yule mdogo mwambie kamba za viatu zinaanza na mkono wa kushoto. Msalimie mlinzi wa lango. Msalimie fundi mkuu, na umwambie msasa haukuwa na kosa. Dada Kebo naye asalimiwe, kwa ufupi. Hata mama wa chai.

Wako mtiifu hadi Jumapili jioni,

Mtunza Kumbukumbu
(nje ya barua hii, Mjomba)

Nyongeza baada ya sahihi:

Barua ilikuwa imeshaingia kwenye bahasha, nimeshailamba, nilipowaza kwamba lalamiko zito kama hili linahitaji shahidi. Chiriku alikuwa kwenye benchi, amekuja kwa mara ya tatu. Nikamwita ndani. Kwenye simu yangu nimebakisha video moja tu, na ni yake, ya siku alipotembea kwetu kwa mara ya kwanza akiwa na miaka tisa. Nikamfungulia. Nikamweleza kwamba kuna watu wanataka kuiondoa na mimi napigana isiondolewe, naye atie saini hapa chini kuonyesha kwamba anaithamini. Nilitegemea afurahi.

Aliitazama mpaka mwisho bila kusema neno, jambo ambalo sijawahi kuliona. Akanirudishia simu. Akasema, "Kumbe ndiyo maana huna haraka na mimi, babu. Humu ndani natembea vizuri."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu aliyepata jibu la kitu alichokuwa anajiuliza, kisha akarudi kwenye benchi na vipande vyake vitatu. Nilikaa pale nimeshika simu. Sijui nilikaa kwa muda gani, ila chai ilipoa.

Nikaenda kwa Dada Kebo, nikamwomba amalizie ile sentensi niliyomkatiza wiki iliyopita. Alikuwa anaikumbuka. Ilikuwa hivi: "Mzee wangu, hizi video tuziweke kwenye folda ya kawaida hapa pembeni, Daftari libaki na vipimo tu." Nikamuuliza, na kufuta je? Akasema hakuna aliyezungumzia kufuta. Nikamuuliza kwa nini hakunifuata koridoni aniambie. Akasema alinifuata, nikafunga mlango. Ni kweli, niliufunga, tena kwa kitasa.

Video zote mia moja na thelathini zimehamia kwenye folda na zote zinafunguka. Zile nakala sitini na moja ameziweka kwenye kifaa kidogo ambacho kinakaa ofisini kwako, sio kwangu. Kisha akaliamuru Daftari lijibane, na gigabaiti mbili zikawa megabaiti tisa. Kazi yote, tangu nilipokaa kitini na kuandika neno la siri ninalolijua peke yangu hadi Daftari kufunguka, haikumaliza saa moja. Orodha ya wito ikatoka kwenye printa hapo hapo. Ina watoto thelathini na wanane. Karatasi ya Chiriku niliichukua kwa mikono miwili, nikaipeleka kwa fundi mkuu, ambaye alikuwa ameshasimama mlangoni na futi yake. Mguu bandia wa Chiriku umepungukiwa sentimita nne na nusu. Plasta inakauka ninapoandika, naye anamsimulia fundi mkuu habari zisizo na mwisho.

Kwa hiyo, mwanangu, naomba vipengele kuanzia cha kwanza hadi cha sita vifutwe, na maombi (a) hadi (e) pia, hasa (e). Aya yako ya pili nimeikubali. Jumatatu nitakuwa ghalani. Ninachoomba ni leo na kesho tu niachiwe simu ya mezani, niwapigie wale thelathini na saba waliobaki, kwa sababu aliyewanyima simu ni mimi.

Nimeshaanza. Wa kwanza alipokea mama mmoja wa mbali sana, nyuma yake kuku wanapiga kelele. Akaniuliza mbona tumekawia hivi, au kompyuta yetu ilikuwa mbovu. Nilikuwa na barua nzima mezani ya kumthibitishia kwamba ndiyo. Nikamwambia, "Hapana, mama. Nilikuwa mimi." Akaniuliza amlete saa ngapi.